LISHA BAKTERIA WA TUMBONI KWA MAZAO YA SHAMBA LAKO



Maharage yako yanapoanza kutoa maua, ingia shambani na jembe uchimbue mche mmoja pamoja na udongo wake. Usiuvute kwa mkono, maana ukivuta mizizi midogo hukatika ikabaki chini. Zungusha jembe pande zote, inua bonge zima, kisha lioshe taratibu katika ndoo ya maji. Utaona kwenye mizizi vinundu vidogo mfano wa punje za ulezi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakina faida kwako.

Ndani ya kinundu hicho wamo bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mharage huwapa sukari inayotengenezwa na majani yake, nao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mharage peke yake hauiwezi kazi hiyo. Hindi lililo jirani yake haliiwezi vilevile, na ndiyo sababu unalinunulia mbolea dukani kila mwaka.

Habari hizi wakulima wengi wa Njombe na Makambako wamekwisha kuzisikia. Lililo geni kwa wengi ni kwamba mtu naye anao bakteria wa namna hiyo, wasio maradhi, wanaokaa naye tangu kuzaliwa na kumfanyia kazi ambazo mwili wake hauziwezi. Makao yao makubwa ni utumbo mpana. Hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2016 ilikadiria kwamba mtu mzima anao kiasi cha trilioni 38, na wote kwa pamoja uzito wao ni kama gramu 200, yaani pungufu ya robo kilo ya sukari. Wao nao wanataka kulishwa, na chakula chao hutoka shambani. Kijitabu hiki kinaeleza ni mazao gani wanayoyataka, kwa nini, na wewe utayalimaje na kuyapikaje.

KAZI WANAYOIFANYA

Chakula unachokula hushuka tumboni, kisha hupita katika utumbo mwembamba. Huko mwili wako hujichukulia sukari, wanga laini, mafuta na protini. Lakini yako mambo ndani ya mimea ambayo utumbo mwembamba hauyawezi. Kwanza nyuzinyuzi, yaani zile sehemu ngumu za ganda, pumba na majani. Pili, sehemu ya wanga iliyojifunga isiyeyuke, ambayo wataalamu huiita wanga sugu. Tatu, vile vitu vinavyoipa mimea rangi, uchungu na ukakasi, mathalani wekundu wa ganda la harage na ukali wa chai. Hivi huitwa polifenoli, na sehemu yake kubwa hupita bila kuguswa.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba mabaki hayo yote ni makapi, na kazi yake ni kulainisha choo tu. Mimi nami niliwafundisha watu hivyo kwa miaka mingi. Siyo uongo, lakini ni nusu ya habari. Mabaki hayo yakifika utumbo mpana bakteria huyavundika, kama vile samadi inavyovundikwa shimoni, na katika kuvundika huko hutoka vitu vipya.

Kundi moja la vitu hivyo ni asidi nyepesi tatu. Moja ni ile ile iliyomo katika siki. Iliyo kuu kwetu ni ile iitwayo asidi ya butiriki. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hupata kutoka kwa asidi hii kiasi cha asilimia 70 ya nguvu zake, na hupata kidogo tu kutoka katika damu. Ikikosekana, ngozi hiyo hudhoofika. Na ngozi ya utumbo ndiyo ukuta unaozuia uchafu wa choo usiingie katika damu.

Kundi la pili ni vile vilivyotoka kwenye mmea na kubadilishwa. Katika pumba za nafaka mna kitu kiitwacho lignani. Mwili hauna njia ya kukigeuza. Bakteria hukigeuza kikawa enterolaktoni, ambayo huingia katika damu. Soya nayo ina isoflavoni, na bakteria wa aina fulani huigeuza mojawapo kuwa ekuoli. Hapa pana jambo la ajabu: si kila mtu anao bakteria hao. Katika nchi za Ulaya na Marekani, karibu theluthi moja tu ya watu huweza kupata ekuoli kutokana na soya. Kwa watu wa Asia ya Mashariki ni kama nusu au zaidi. Watu wawili waweza kula sahani moja, na mmoja akapata asichokipata mwenziwe.

Ushahidi kwamba kazi hii ni ya bakteria, na si ya mwili, ulionekana vizuri nchini Ufini mwaka 2002. Watu waliokuwa wametumia dawa za antibaiotiki walikutwa na enterolaktoni kidogo zaidi katika damu kuliko wasiotumia. Dawa iliua maradhi, ikaua na watumishi.

WATU WALIOPIMWA HAPA TANZANIA

Pengine utasema hayo ni ya Wazungu. Sivyo. Wahadzabe, walio karibu na Ziwa Eyasi, ni miongoni mwa watu waliochunguzwa zaidi duniani katika jambo hili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 uliwalinganisha na watu wa Italia, ukakuta Wahadzabe wana bakteria wa aina nyingi zaidi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria hao hubadilika kwa majira: wako wanaopungua hadi karibu kutoonekana wakati wa asali na matunda, kisha hurudi wakati wa nyama na mizizi. Mhadzabe mzima hupata kati ya gramu 100 na 150 za nyuzinyuzi kwa siku, wakati Mmarekani wa kawaida hupata kama gramu 15. Sikuambii ukachimbe mizizi porini. Nakuonyesha tu kwamba bakteria hufuata chakula kama nyuki wanavyofuata maua.

Kilimanjaro kuna habari za karibu zaidi. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa na wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi. Walichukua wanaume vijana 77 wenye afya. Baadhi yao, waliozoea chakula cha vijijini, walipewa kwa muda wa wiki mbili chakula cha mtindo wa mjini: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wengine, waliozoea chakula cha mjini, walipewa chakula cha wazee wao, yaani ndizi, mboga za majani, jamii ya maharage na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu walikunywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili tu! Waliohamia chakula cha mjini damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na chembe za damu zilizo askari wa mwili zikawa dhaifu zaidi katika kupambana na vijidudu vya maradhi. Waliorudi kwenye chakula cha asili dalili hizo zilipungua, na waliokunywa mbege nao pia. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yako wiki nne baadaye. Hapo kilichoangaliwa hasa ni damu, kwa hiyo tusiseme yote ni kazi ya bakteria wa tumboni, lakini mwelekeo ni ule ule.

Najua wako watakaosoma habari ya mbege na kukimbilia ulanzi. Mbege ile ilipimwa, walikunywa watu wazima wenye afya, na kwa muda mfupi. Ulanzi wa asubuhi hadi jioni ni habari nyingine, na kwa mama mjamzito na mtoto pombe ni marufuku kabisa.

HALI YA MKOA WETU

Sasa tuseme yanayotuhusu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri wao. Kwa nchi nzima ni karibu 30 katika kila mia. Huu ndio mkoa unaopakia malori ya viazi pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwenda kulisha Dar es Salaam. Chakula tunacho, na watoto wetu ni wafupi.

Sababu za kudumaa ni nyingi: maji machafu, kuharisha mara kwa mara, mama kufanya kazi nzito akiwa mjamzito, mtoto kupewa uji mwepesi usio na kitu. Usikubali mtu akuambie kwamba harage peke yake litaondoa yote hayo. Lakini utumbo ulio mgonjwa hauchukui chakula hata kikiwepo, na utumbo wa mtoto anayekula ugali wa sembe na chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni hauna cha kumlishia bakteria wake.

Nami nina sehemu yangu katika lawama hii. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimtembelea mkulima mmoja upande wa Makambako, mwenye ekari tatu. Alikuwa na mahindi yaliyochanganywa na maharage, kipande cha ulezi, njegere, maboga yaliyotambaa huku na huku. Mimi kwa macho yangu ya Bwana Shamba niliona fujo. Nikamshauri asafishe, apande viazi ekari mbili na parachichi za kuuza nje ekari moja. Akafuata. Viazi vilitoka vizuri, wanunuzi wakaja na magunia yao ya lumbesa, fedha akaipata. Mwaka wa pili nilipopita nyumbani kwake mchana, mezani palikuwa na ugali mweupe wa sembe ya dukani na kachumbari ya nyanya mbili. Mkewe akaniambia, bila hasira, "Bwana Shamba, maharage tunanunua siku hizi, kwa kilo." Siku za kununua zilikuwa chache. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kwa mfuko na mbaya kwa chungu, na tangu siku ile sipimi tena shamba bila kuuliza nyumbani wanakula nini.

Basi haya yafuatayo ni mazao ya kuacha yawepo, hata kama ekari nyingine zote ni za biashara. Robo ekari yatosha kuanzia.

MAHARAGE

Hili ndilo la kwanza, na ningekuwa na ruhusa ya kusema neno moja tu ningesema hili. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 15 za nyuzinyuzi, na sehemu ya wanga wake ni ule sugu unaofika chini kwa bakteria. Tena lina protini ya mtoto na ya mama. Mbegu zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Uyole, kama Uyole 96 na Njano Uyole, zimezoea nyanda zetu. Uyole 96 ni nyekundu, na wekundu huo wa ganda ni polifenoli niliyoitaja hapo juu.

Panda mistari iachane sentimita 50, na katika mstari mbegu mbili kila sentimita 20. Kwa kuwa huku kwetu mvua hukaa hadi mwezi wa nne, wengi hupanda tena mwezi wa pili hadi mwanzo wa mwezi wa tatu, ili maharage yakomae mvua ikikatika na yakauke vizuri yasioze. Palilia mapema, kabla ya maua. Baada ya maua usiingie shambani wakati wa umande, maana utabeba ugonjwa wa majani kwa nguo zako.

Ukichimbua mche ukakuta hakuna vinundu, au vyote ni vyeupe, tazama mambo mawili. Udongo mwingi wa Njombe ni wenye asidi, na bakteria wa mizizi hawapendi asidi; chokaa ya kilimo husaidia, na samadi iliyoiva husaidia pia. Jambo la pili ni fosforasi. Bila fosforasi vinundu ni vichache, kwa hiyo weka mbolea yake wakati wa kupanda. Urea usiimwage kwenye maharage. Mmea ukipewa naitrojeni ya bure huacha kulisha bakteria wake, kama kijana anayetumiwa fedha na baba asivyotafuta kazi.

Kupika: loweka usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu angalau dakika kumi mwanzoni kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Yakiisha kuiva, yakala usiku mmoja jikoni kwa ubaridi wetu huu, wanga sugu huongezeka kidogo. Asubuhi yapashe hadi yachemke ndipo ule.

MAHINDI YA DONA

Unapopeleka mahindi kukobolewa, kile kinachobaki mashineni kwa ajili ya nguruwe ndicho chakula cha bakteria wako: pumba na kiini. Nguruwe hunenepa, nawe unarudi na unga mweupe. Saga dona. Kama familia haijaizoea, changanya nusu kwa nusu kwa mwezi mmoja.

Lakini dona ya mahindi mabaya ni hatari kuliko sembe. Sumukuvu hukaa zaidi katika pumba na kiini, hivyo mahindi yaliyoota ukungu usiyasage dona, wala sembe, wala usimpe mama anayenyonyesha pombe yake. Kausha juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, fanya hivi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Isiposhika, yahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, ile watu waiitayo kinga njaa.

VIAZI MVIRINGO

Wewe ni mkulima wa viazi, sina haja ya kukufundisha nafasi ya sentimita 75 kwa 30 wala kukuonya habari ya mnyauko. Nataka kukuambia la jikoni. Kiazi kilichochemshwa kikaliwa cha moto hutoa wanga laini unaoisha juu. Kikipozwa, sehemu ya wanga hujifunga upya na kuwa sugu. Katika kipimo kilichofanywa Marekani mwaka 2016, gramu 100 za viazi vya moto zilikuwa na wanga sugu gramu 3.1, vilipopozwa, gramu 4.3, vilipopashwa tena, gramu 3.5. Tofauti si kubwa, lakini haikugharimu kitu. Viporo vya viazi, ambavyo watoto huvidharau, vina faida yake. Vifunike, viweke mahali pa baridi, vilivyolala zaidi ya usiku mmoja usile. Viazi vilivyogeuka kijani kwa jua vina sumu. Vitupe au uvichague pembeni.

Chipsi sizihesabu hapa.

ULEZI NA TOGWA

Ulezi umekuwa ukipungua huku kwa sababu kuupalilia ni kazi ya kuvunja mgongo, na soko lake ni dogo kuliko la viazi. Nakubali. Hata hivyo acha ngazi chache. Ganda lake jekundu lina polifenoli nyingi, na kimea chake ndicho kinachofanya togwa nzuri.

Togwa yenyewe ina faida ya namna nyingine. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania waliwapa watoto wadogo uji uliochachushwa, wakakuta bakteria wa kuharisha wamepungua katika choo chao kuliko watoto waliopewa uji wa kawaida. Pika uji, uache upoe hadi kidole kivumilie, tia unga wa kimea cha ulezi na kikombe cha togwa ya jana, funika usiku kucha. Uji mzito huwa mwepesi bila kuongeza maji, na hapo mtoto hupata chakula kingi katika kikombe kile kile. Kimea chenye ukungu mweusi au wa kijani usikitumie. Togwa ya siku ya tatu imekwisha kuwa pombe, usimpe mtoto.

PARACHICHI, MBOGA, CHAI NA SOYA

Parachichi lina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100 za nyama yake. Marekani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, watu wazima 163 wenye uzito mkubwa walifuatwa kwa wiki 12. Waliokula parachichi kila siku waliongezeka bakteria wanaovundika nyuzinyuzi. Sisi tunazisafirisha, na zile zinazokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya doa la ngozi tunazitupia ng'ombe. Doa la ngozi halina habari na nyama. Mpondee mtoto.

Majani ya maboga, mnafu na mchicha yapande karibu na jikoni yapate maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi. Usiyachemshe hadi yawe tope.

Chai ya Luponde na Kibena tunaisifu, na kweli sehemu kubwa ya polifenoli zake hufika kwa bakteria na kugeuzwa. Ila chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharage na mboga. Kunywa saa moja kabla au baada ya chakula. Mama mjamzito azingatie sana hili, na mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

Soya huifaa zaidi Wanging'ombe na sehemu za Makambako kuliko Njombe mjini, ambako baridi huichelewesha. Ikaange au uichemshe ikaive vizuri kabla ya kusaga. Soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe.

MTOTO MCHANGA NA TAHADHARI NYINGINE

Mpaka miezi sita, mtoto ni maziwa ya mama tu. Na hapa pana ajabu nyingine. Ndani ya maziwa hayo mna sukari za namna ya peke yake ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake. Mama anayenyonyesha anawalisha wawili kwa titi moja, na anayeanza kumpa uji mtoto wa miezi mitatu anaharibu kazi hiyo na kumletea kuharisha.

Baada ya miezi sita usimjaze mtoto pumba, maana tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Apewe uji mzito wa dona iliyochekechwa, uliotiwa maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, parachichi, maziwa au yai.

Mtu mzima aliyezoea sembe akianza maharage na dona siku moja atajaa gesi, atavimba tumbo, na atamlaumu Bwana Shamba. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne na unywe maji. Gesi hiyo ni dalili kwamba bakteria wamepata kazi wasiyoizoea.

Dawa za antibaiotiki usizinunue dukani kwa kukisia. Ukiandikiwa na mganga wa zahanati, meza zote kama alivyosema. Usipoandikiwa, usimeze.

Msimu unakuja. Ukitaka kujua kama robo ekari yako ya maharage inafaa, lete ofisi ya kata udongo uliouchota sehemu tano za shamba, kina cha jembe, ukauchanganya na kuukausha kivulini, kiasi cha nusu kilo. Na ikiwa maharage yamekwisha kutoa maua, njoo na mche mmoja uliochimbuliwa pamoja na bonge lake. Tutaliosha pamoja na kupasua vinundu ujionee rangi.